Inchi Kumi na Moja

Kalunde, niletee futi,
ile ya manjano, iliyofutika tarakimu za mwanzo
kwa dole gumba langu, miaka thelathini na miwili.
Leo tunampima mtu asiyeagiza suti.

Sakafu yetu hapa Mbotela ni saruji nyekundu.
Uliipaka nta Jumamosi, ukajuta Jumapili
niliponyooka chini kama kitambaa kilichoteleza mezani.
Sasa haipakwi. Imefifia, na juu yake
mjukuu wetu Ndinda amechora kwa chaki yangu ya kukatia
mistari kutoka kitandani hadi mlangoni.
"Babu, ukikanyaga mstari umeungua."
Kliniki wanayaita mazoezi.

Walisema kiharusi. Mimi nilidhani nimelalia mkono.
Alfajiri, honi za Jogoo Road zimeshaanza ugomvi,
nikauambia mguu wa kushoto: shuka.
Ukanitazama kama mdaiwa aliyekwisha kula pesa.

Miaka sitini na moja nimetembea
bila kujua kwamba natembea.
Sasa Wekulo, kijana mwenye viatu vinavyolia kwikwi,
ananishika mkanda kwa nyuma kati ya vyuma viwili:
"Kisigino kwanza, mzee. Halafu vidole."
Nikamwambia, nimewafundisha wanangu wanne kusimama dede.
Akasema, "Kisigino."

Siku moja akaniuliza kazi yangu.
Jumanne iliyofuata mkaisogeza cherehani dirishani,
bila uzi, bila sindano,
nikaweka nyayo zote mbili juu ya kanyagio.
Wa kulia ukaanza mbio, kama mwanafunzi anayejipendekeza.
Wa kushoto ulikaa tu, ukibebwa.
Wiki ya pili, katikati ya mshono wa hewa,
nikahisi kitu kinasukuma.
Kidogo.
Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoambiwa haina watu.
Sikumwambia yeyote. Nilishona hewa hadi saa sita.

Wanaokuja kuniona huniletea maziwa na methali.
Mwenda pole hajikwai, asema Kitonyi wa jirani.
Nimekwenda pole, Kitonyi, pole kuliko foleni ya maji,
na nimejikwaa: kwenye ukingo wa mkeka,
kwenye kivuli cha kiti,
kwenye jina langu mwenyewe mtu aliponiita,
maana bado siwezi kutembea na kuitika kwa pamoja.

Novemba hatua ilikuwa inchi nne, na hizo za kuburuta.
Krismasi, saba.
Januari ikarudi tano, sijui kwa nini.
Wekulo akaandika tano bila kunyanyua nyusi,
nikampenda kwa hilo.

Haya. Shika ncha ile, Kalunde, mimi siwezi kuinama.
Ndinda asome, macho yetu sisi yana ukungu.
Kutoka kisigino hiki hadi kile.

Kumi na moja?

Pima tena. Fundi haamini jibu analolitamani.

Kumi na moja.

Basi sikilizeni. Kutoka kizingitini hadi lango la buluu
ni futi arobaini, nilizipima zamani nikianika vitambaa.
Nimepiga hesabu usiku: hatua arobaini na nne,
kama kuku wa Mama Ngendo hawatakatiza.
Siutaki mji mzima. Barabara zake zina watu wa kuzitosha.
Nataka kufika kibandani pale langoni
nimnunulie huyu mtoto kijiti cha uzi mweusi,
nirudi nacho katika mkono uleule unaonigomea,
kikianguka kianguke, kitaokotwa.

Fungua mlango. Acha mkanda.
Na nikiwa njiani, tafadhali,
mtu yeyote asiniite.